Mwanga Mweupe Katika Jicho la Mtoto: Tusingoje



Wapendwa wanakikundi, katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, maji safi, akiba na mikopo. Somo la leo ni la macho ya watoto wadogo. Linahusu ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia, kwa sababu ni nadra. Hapa Kenya, kwa kila watoto wapatao 17,000 wanaozaliwa, mmoja huupata. Mtu anaweza kuuliza: kama ni nadra hivyo, kwa nini tupoteze mkutano mzima juu yake? Sababu ni tatu. Kwanza, ugonjwa huu unaua. Pili, ukishikwa mapema unapona. Tatu, anayeuona wa kwanza mara nyingi si daktari, ni mama nyumbani.

Katibu asome somo hili kwa sauti, sehemu moja moja. Penye maswali, msimame mjadiliane. Mtahitaji muda wa saa moja na nusu hivi, na tochi moja.

HADITHI YA KUANZIA

Mama mmoja wa upande wetu huu wa Kaplong huamka saa kumi na moja kwenda kuchuma majani chai, na kurudi nyumbani jua likiwa limeshaelekea kuzama. Jioni moja alikuwa akimlisha mtoto wake uji karibu na taa. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alipogeuza kichwa, mama akaona kitu kinang'aa ndani ya jicho la kushoto, kama jicho la paka likimulikwa gizani. Akageuza kichwa cha mtoto tena, kikapotea.

Akamwambia mume wake. Asubuhi baba akamtoa mtoto nje juani, akamwangalia vizuri. Akasema, "Mama, mimi sioni kitu. Jicho ni jeusi kama kawaida."

Mama hakuridhika. Akampeleka mtoto kliniki. Mhudumu akaangalia dirishani penye mwanga mwingi, naye pia hakuona. Akampa dawa ya kupaka, akamwambia arudi ikiwa jicho litatoa tongotongo. Jicho halikutoa tongotongo, kwa hiyo mama hakurudi.

Miezi mitatu ikapita. Jicho likaanza kwenda upande. Nyanya ya mtoto akasema, "Wacheni wasiwasi. Hata mjomba wake alikuwa na makengeza, na aliishi hadi uzee." Miezi miwili mingine ikapita. Jicho likawa jekundu, mtoto akawa halali usiku. Wakatia dawa za duka, wakatia maji ya mti. Siku walipofika hospitali kubwa, daktari alimwangalia mtoto kwa muda mrefu, akawaambia wazazi: "Hii ni kansa. Itabidi tutoe jicho."

Baba alimbeba mtoto, akatoka nje, akapanda gari la kurudi nyumbani.

Tusimame hapa kwanza.

Tuulizane:
1. Katika hadithi hii, nani aliona ukweli kwanza? Kwa nini hakusikilizwa?
2. Kama wewe ungekuwa baba huyu, ungefanya nini?
3. Mtoto huyu alikuwa akiletwa kwenye mkutano wa kikundi kila wiki, amekaa mapajani mwa mama. Kwa nini hakuna aliyejua?

Swali hilo la tatu linatugusa sisi pia. Tulikuwa tukihudhuria mikutano ile. Tulimshika mtoto yule mkononi, tukamsifu jinsi alivyonenepa. Hatukujua la kuangalia. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

UGONJWA HUU NI NINI?

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka picha kwenye ubongo. Wataalamu huuita retina. Kwa mtoto mchanga chembe za retina bado zinakua na kugawanyika. Zikikosa kipimo cha kusimama, zinaendelea kugawanyika hadi zinafanya uvimbe mweupe ndani ya jicho. Hiyo ndiyo kansa inayoitwa retinoblastoma. Ni ugonjwa wa watoto wadogo: karibu wote huupata kabla ya kutimiza miaka mitano, na wengine huzaliwa nao.

Kwa nini chembe zinakosa kusimama? Fikiria lori la majani chai likiteremka mlima. Lina breki ya mguu na breki ya mkono. Moja ikiharibika, nyingine bado inaweza kulishika. Zikiharibika zote mbili, hakuna cha kulisimamisha. Ndivyo ilivyo katika chembe zetu. Tunarithi breki mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wanasayansi waliitambua breki hii mwaka wa 1986, wakaiita RB1. Kansa hii huanza pale breki zote mbili zinapoharibika ndani ya chembe ya retina.

Kwa watoto wengi, breki zote mbili huharibika baada ya mimba kutungwa, ndani ya chembe moja tu ya jicho moja. Hao hawana kitu cha kurithisha. Lakini kwa watoto kama wanne katika kila kumi wenye ugonjwa huu, breki moja imeshaharibika katika mwili mzima tangu mwanzo. Hao ndio mara nyingi hupata uvimbe katika macho yote mawili, na mapema zaidi, hata kabla ya mwaka mmoja. Mzazi mwenye hali hiyo anaweza kumpa kila mtoto wake, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Lakini tuelewane: wengi wa watoto wa aina hii wana wazazi wazima kabisa ambao hawajawahi kuugua.

Kwa hiyo si laana. Si jicho baya la jirani. Si kwamba mama alikula kitu kibaya akiwa mjamzito, wala baba hakuvunja mwiko. Tunakumbuka katika Injili ya Yohane, sura ya tisa, wanafunzi walipomkuta mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yesu ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa kabisa maneno hayo, akamponya. Basi nasi tusiulize nani alikosa. Tuulize gari la hospitali linaondoka saa ngapi.

Na si ugonjwa wa kuambukiza. Watoto wengine wacheze naye, wale naye, walale naye.

DALILI

1. Mwanga mweupe ndani ya mboni. Mboni ni kile kiduara cheusi katikati ya jicho. Kinapokuwa cheupe au cha manjano, au kinang'aa kama jicho la paka au ng'ombe ukimulika tochi usiku, hiyo ni dalili kubwa. Inaweza kutokea na kupotea kadiri mtoto anavyogeuza kichwa.

2. Makengeza. Jicho moja linaangalia upande, hasa kama mwanzoni halikuwa hivyo. Mtoto mchanga anaweza kupoteza mwelekeo wa macho kidogo katika wiki za kwanza. Akishapita miezi mitatu na jicho bado linakwenda upande, aangaliwe.

3. Jicho jekundu au lenye maumivu ambalo halitoi tongotongo na haliponi kwa dawa ya kawaida.

4. Mtoto haoni vizuri. Hafuati uso wa mama, anapapasa, anajigonga.

5. Jicho kuvimba na kutokeza nje. Hii ni dalili ya kuchelewa. Tusiingoje.

Angalieni jambo moja: dalili ya kwanza na ya pili haziumi. Mtoto anacheza, anakula, anacheka. Hapo ndipo tunapodanganyika. Tumezoea kupima ugonjwa kwa kilio cha mtoto, na ugonjwa huu hulia mwishoni.

Je, kila mboni nyeupe ni kansa? Hapana. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao huwapata hata watoto wachanga, au ugonjwa mwingine wa ndani ya jicho. Lakini mtoto wa jicho kwa mtoto mdogo nao unataka operesheni mapema, la sivyo jicho halitajifunza kuona tena. Kwa hiyo mwendo ni mmoja: mboni nyeupe, hospitali, wiki hiyo hiyo. Kazi yetu si kujua ni ugonjwa gani. Hiyo ni kazi ya daktari wa macho.

KWA NINI MAMA ALIONA NA MHUDUMU HAKUONA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mshikeni vizuri.

Mboni ni kama dirisha. Penye mwanga mkali dirisha hujifunga likawa dogo sana, na huwezi kuona kilicho nyuma ya nyumba. Penye giza dirisha hufunguka wazi. Mama alimwona mtoto jioni, karibu na taa, mboni ikiwa wazi. Baba alimwangalia juani. Mhudumu alimwangalia dirishani. Wote wawili walisema kweli: hawakuona. Lakini mama pia alisema kweli.

Basi mama au baba ukiona mwanga huo, usikubali kuambiwa "hakuna kitu" na mtu aliyeangalia kwa macho tu mchana. Sema kwa heshima lakini kwa uthabiti: "Daktari, niliona mwanga mweupe ndani ya mboni, jioni, karibu na taa. Naomba mtoto atiwe dawa ya kupanua mboni aangaliwe ndani, au nipewe barua ya rufaa kwa daktari wa macho." Mjifunze maneno haya. Kila mmoja ayaseme mara mbili hapa kikundini, hata wazee.

Chukua na kijitabu chako cha mama na mtoto. Si cha chanjo na uzito peke yake. Macho ya mtoto nayo ni sehemu ya kuangaliwa kliniki, kwa hiyo usione haya kuuliza.

JINSI YA KUANGALIA NYUMBANI

Fanyeni zoezi hili pamoja, na kila mzazi aliye na mtoto chini ya miaka mitano alirudie nyumbani mara moja kwa mwezi.

Ingia katika chumba chenye giza kidogo. Mama ampakate mtoto. Wewe kaa mbele yake, umbali wa mkono mmoja. Shika tochi ndogo karibu na jicho lako mwenyewe, mwanga usiwe mkali sana, umulike uso wa mtoto kwa muda mfupi. Angalia mboni zote mbili. Zinafanana? Mvute mtoto aangalie kulia, kushoto, juu na chini, kwa kumwita au kumwonyesha kitu. Je, kuna upande ambao weupe unatokea?

Wenye simu za kupiga picha wanaweza kumpiga mtoto picha penye giza kidogo, flashi ikiwaka, mtoto akiangalia simu. Katika picha kama hiyo mboni zote mbili huonekana nyeusi, au zote mbili nyekundu. Moja ikiwa nyekundu na nyingine nyeupe, usiifute picha hiyo. Mpelekee daktari. Wakati mwingine weupe hutokana na jinsi mwanga ulivyopiga tu. Hiyo ni heri, lakini mwenye kusema hivyo ni daktari akishaangalia ndani.

Onyo: usipoona kitu, haina maana hakuna kitu. Uvimbe mdogo hauonekani kwa tochi. Kama kuna makengeza, au mzazi au ndugu wa mtoto aliwahi kuugua, nenda hospitali hata kama mboni ni nyeusi.

SAFARI YA MATIBABU

Kutoka kwetu, hatua ya kwanza ni hospitali iliyo karibu. Tuna hospitali ya misheni ya St. Clare hapa Kaplong, na upande wa Bomet kuna Tenwek, ambayo ina kitengo cha macho. Kazi ya hatua hii ni kuthibitisha na kutoa barua ya rufaa. Matibabu yenyewe ya kansa hii hufanywa hospitali kubwa. Kenyatta ya Nairobi na hospitali ya macho ya PCEA Kikuyu zimewatibu watoto hawa kwa miaka mingi, na kuna pia hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Tangu mwaka wa 2008 madaktari wa macho, wa kansa, wauguzi na wazazi wamekuwa wakishirikiana nchini kote kupanga jinsi ya kuutibu ugonjwa huu, na mwaka wa 2014 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wake. Kwa hiyo msiseme matibabu ni ya ng'ambo tu. Yapo hapa Kenya.

Hospitalini mambo huenda hivi:

Kupimwa. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, mboni zote mbili zinapanuliwa, na daktari anaangalia macho yote mawili, hata lile linaloonekana zima. Huenda pia akapigwa picha za jicho na za kichwa. Msishangae kwamba hawachukui kipande cha uvimbe kwa sindano ili wapime. Jicho likitobolewa, kansa inaweza kumwagika nje. Daktari wa macho huijua kwa kuiona.

Uvimbe ukiwa mdogo, unaweza kuchomwa kwa mwanga wa leza au kugandishwa kwa baridi kali, pamoja na dawa za kansa za kutiwa mshipani. Hapo jicho linaweza kuokolewa, na hata kuona. Tunaomba mzingatie: nafasi ya kuokoa jicho iko kwa yule aliyekuja mapema.

Uvimbe ukiwa umejaza jicho, na kansa bado iko ndani, daktari hutoa jicho. Operesheni hufanywa mtoto akiwa amelala, hasikii kitu. Wengi huenda nyumbani baada ya siku chache.

Kansa ikiwa imetoka nje ya jicho, hutumiwa dawa za kansa kwa miezi kadhaa, na pengine miale. Njia ya kansa hii ni mshipa unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo. Ikishafika huko, au kwenye uboho wa mifupa, kumwokoa mtoto ni kazi ngumu sana.

Katika nchi ambako watoto hugunduliwa mapema, zaidi ya 95 katika kila 100 hupona. Kwetu wengi wamepotea, na sababu kubwa ni kuchelewa na kukatiza matibabu. Si kwamba kansa ya Kipsigis ni kali kuliko ya Mzungu. Ni ile ile. Tofauti ni miezi.

"MTOTO WANGU HATATOLEWA JICHO"

Neno hili tumelisikia, na hatulicheki. Ni neno la upendo. Baba yeyote akiambiwa mtoto wake atatolewa jicho, moyo unakataa. Lakini tupime pamoja.

Jicho lililojaa uvimbe kwa kawaida halioni tena. Halipo kwa faida ya mtoto. Limekuwa nyumba ya kansa. Kulibakiza ni kubakiza moto ndani ya paa la nyasi kwa sababu tunaipenda nyumba. Daktari akilitoa kansa ikiwa bado imefungwa ndani, mtoto amepona kwa sehemu kubwa siku ile ile.

Mtoto mwenye jicho moja zima husoma, hucheza mpira, huchuma majani chai, huoa na kuolewa. Jeraha likishapona, baada ya wiki sita hivi, hutengenezewa jicho la bandia linalofanana na lile lingine. Ukikutana naye njiani huenda usijue.

Na kama ni macho yote mawili? Madaktari hujitahidi kuokoa angalau moja. Ikishindikana, mtoto atakuwa kipofu, lakini atakuwa hai, na shule za wasioona ziko nchini kwetu. Kipofu aliye hai anaitwa kwa jina lake. Tumeshahudhuria mazishi ya mtoto ambaye wazazi walikwenda kutafuta njia nyingine. Tungependa tusihudhurie mengine.

Ndugu zetu waganga wa miti shamba na wenye maombi, tunawaheshimu. Ombeni, tena sana. Lakini msimwambie mzazi angoje. Maombi yanaweza kufanywa ndani ya matatu ya kwenda Nairobi.

BAADA YA HOSPITALI

Hapa ndipo familia nyingi hulegea, zikidhani kazi imekwisha. Kuna mambo matano.

Moja, majibu ya maabara. Jicho lililotolewa hupelekwa kupimwa ili ijulikane kama kansa ilifika kwenye mshipa. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama dawa zitahitajika. Usirudi nyumbani bila kujua ni lini na kwa nani utayachukua.

Mbili, homa. Mtoto aliye kwenye dawa za kansa akipata homa, ni hatari ya siku hiyo hiyo. Dawa hizo hupunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu. Usimpe panado ukangoja asubuhi. Nenda hospitali usiku huo, useme kwanza kabisa: "Mtoto huyu anatibiwa kansa."

Tatu, kliniki za kurudi. Jicho lililobaki lazima liangaliwe mara kwa mara kwa miaka kadhaa, kwa sababu uvimbe mpya unaweza kutokea. Tarehe ya kurudi ni kama tarehe ya kulipa mkopo. Haiahirishwi.

Nne, ndugu zake. Kaka na dada wadogo wa mtoto, na kila mtoto atakayezaliwa baadaye, wapelekwe kuangaliwa macho mapema, hata wakiwa wazima kabisa. Mtoto mwenyewe akikua, ajue historia yake. Watoto wake watahitaji kuangaliwa tangu kuzaliwa. Na kama ana ile aina ya kurithi, akipata uvimbe au maumivu ya mfupa yasiyoisha hata akiwa kijana, amwambie daktari alivyougua utotoni, maana kansa nyingine zinaweza kumpata kwa urahisi zaidi.

Tano, kulinda jicho moja. Avae miwani imara ya kumkinga, na tuwakataze watoto kumrushia mawe na vijiti.

KAZI YA KIKUNDI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Familia moja haiwezi safari hii peke yake. Tunapendekeza kila kikundi kiamue mambo haya leo, kabla ya kufunga mkutano.

Mfuko wa dharura. Tuseme wanachama ni 25 na kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,250 kwa mwezi, na 15,000 kwa mwaka. Hazitalipa matibabu yote, lakini zitamlipia mama nauli na chakula wiki hii, badala ya kungoja bonasi ya majani chai. Kansa haingoji bonasi. Pesa hizi zisichanganywe na za mzunguko wala za mikopo.

Bima. Kila familia ijiandikishe SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na ilipe kabla ya ugonjwa kuja. Mkifika hospitali, mwulizeni ofisa wa ustawi wa jamii bima inalipia nini na pengo lijazwe vipi. Ofisi yake iko kwa ajili yenu, msiogope kubisha mlango.

Msindikizaji. Mwanachama mmoja aliyezoea mji aende na mama safari ya kwanza. Nairobi inatisha kwa mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Nyumbani. Nani atakamua ng'ombe? Nani atawapikia watoto waliobaki? Wazazi wengi hukatiza matibabu si kwa kukosa imani, bali kwa sababu nyumba inaanguka nyuma yao. Mgawane zamu, muandike majina.

Maneno. Mtoto akirudi na bandeji, ajirani wasimwite mama pembeni kumwuliza alimkosea nani. Kikundi kiende kumsalimia na unga na maziwa.

MWISHO WA HADITHI

Tulimwacha baba yule amepanda gari la kurudi nyumbani. Alikaa wiki mbili. Mwenyekiti wa kikundi, katekista na mzee mmoja wa ukoo walikwenda kumwona, nasi tukafuatana nao. Hatukumlaumu. Tulikwenda na msichana wa darasa la sita kutoka parokia nyingine, pamoja na mama yake. Tukanywa chai. Katikati ya mazungumzo yule mama akamwambia, "Baba, huyu wangu alitolewa jicho akiwa na miaka miwili. Hebu niambie ni lipi."

Baba akamwangalia msichana kwa muda mrefu. Akakosea.

Hakusema kitu. Alikwenda nje, akakaa na ng'ombe wake. Aliporudi akauliza, "Gari la asubuhi ni saa ngapi?"

Mtoto alitolewa jicho. Kwa sababu ya ile miezi iliyopotea, kansa ilikuwa imeingia kwenye mshipa, kwa hiyo alitiwa dawa kwa miezi mingi, na kikundi kilichanga mpaka mfuko ukabaki mtupu. Leo yuko shule ya chekechea. Bado anarudi kliniki, na mama yake bado hulala vibaya usiku wa kuamkia kila kliniki. Mdogo wake ameshaangaliwa, ni mzima.

Mama alituambia neno moja ambalo tunawaachia: "Mimi niliona siku ya kwanza. Nilichokosa ni mtu wa kuniambia kwamba nimeona kweli."

Basi kikundi kiwe mtu huyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika eneo letu, ni watoto wangapi walio chini ya miaka mitano? Nani atahakikisha kila mmoja ameangaliwa macho mwezi huu?
2. Je, tunamjua mtoto yeyote mwenye makengeza au mboni isiyo ya kawaida? Tufanye nini kabla ya Jumapili?
3. Ni maneno gani tunayosema kijijini ambayo huwafanya wazazi wafiche mtoto mgonjwa?
4. Mfuko wetu wa dharura uko wapi? Kama haupo, tunaanza lini, na nani ataushika?
5. Nani kati yetu anaweza kusema sasa hivi, bila kusoma, maneno ya kumwambia daktari?

Mungu awabariki, na awalinde watoto wetu.